Biki ao mashini: mpiga kura achague mwenyewe



Kila tukigusa habari ya mashini ya kura, watu wanagawanyika mara moja. Kuko wenye kusema mashini ni maendeleo, na anayeikataa angali nyuma. Kuko wenye kusema mashini njo iliiba kura zetu, itupwe tu. Nimefuata mabishano hayo tangu nikiwa mwanafunzi wa agronomi, na naona pande zote mbili zinaruka ulizo moja: mpiga kura mwenyewe aliulizwa siku gani namna anavyotaka kupiga kura yake? Leo nitakosoa pande hizo mbili. Kisha nitakosoa na wazo langu mimi, juu nalo liko na tundu.

Nianze nyumbani. Tarehe 20 desemba 2023 nilimsindikiza nyanya yangu kwenye biro ya kura. Amepita miaka 70. Kusoma anasoma kidogo, namba anazijua zote juu ameuza maharagi sokoni maisha yake yote, lakini simu ya kugusa kioo hajawahi kuishika. Tulipanga mstari tangu asubuhi. Alipoingia, mimi nilibakizwa inje, karibu na dirisha. Nikamuona amesimama mbele ya mashini, anaiangalia tu. Kijana mmoja wa biro akamwendea: « Mama mzee, niambie unataka nani, nikusaidie. » Nyanya akataja majina, na mimi niliye inje niliyasikia. Kijana akagusa kioo, karatasi ikatoka, nyanya akaikunja na kuitia ndani ya sanduku. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza: « Mjukuu, ni mimi njo nimepiga kura, ao ni yule kijana? »

Sikuwa na jibu. Yule kijana pengine alikuwa mwaminifu kabisa. Lakini nyanya hakuwa na njia ya kulijua hilo, na siri ya kura yake iliishia pale dirishani.

Sasa tuangalie mashini yenyewe inafanya nini, juu wengi wanaibishania bila kujua. Ililetwa kwa uchaguzi wa 2018, wakati CENI iliongozwa na Corneille Nangaa (yule tunayemjua leo kwa mambo mengine). Ilitengenezwa na Miru Systems ya Korea ya Kusini. Wapinzani waliipa jina « machine à voler », mashini ya kuiba. Walisema sheria imekataza kura ya elektroniki. CENI ikajibu: hii si kura ya elektroniki, hii ni mashini ya kuchapisha tu. Unaingiza karatasi, unagusa picha ao namba ya kandida, karatasi inatoka imechapishwa, unaitia ndani ya sanduku. Jioni sanduku linafunguliwa, na karatasi zinahesabiwa kwa mkono, moja moja, mbele ya mashahidi wa vyama. PV inaandikwa, inatiwa sahihi, inabandikwa mlangoni. Mwaka 2023, CENI ya Denis Kadima iliibadilisha jina, ikaiita DEV, lakini kazi ilibaki ile ile.

Shikeni hapo. Kwetu, hesabu ya sheria ni ile ya mkono, ya karatasi. Kwa maneno ya CENI yenyewe, mashini inafanya kazi ya biki. Basi kama ni biki, ni biki ya bei kali sana, yenye kuhitaji batri, yenye kuhitaji fundi, na yenye kumfanya mama wa miaka 70 ataje kandida wake kwa sauti. Juu ya nini basi anayetaka biki ya kawaida asipewe?

Jibu la CENI ni wingi wa wakandida, na tuwe wakweli, jibu hilo liko na uzito. Mwaka 2011 kulikuwa wakandida zaidi ya 18,000 kwa viti 500 vya bunge. Huko Kinshasa karatasi ya kura ilikuwa kama kitabu, unafunua kurasa kutafuta sura moja. Mwaka 2023 wakandida wa bunge la taifa walipita 25,000, na siku hiyo hiyo tulichagua rais, wadepite wa taifa, wadepite wa jimbo na washauri wa komini. Kuchapisha vitabu hivyo na kuvipeleka mpaka kwenye vijiji bila barabara si mchezo.

Lakini sababu hiyo haigusi kura ya rais. Mwaka 2006 tulikuwa na wakandida 33 wa urais, na watu walitia alama kwenye karatasi. Kwa wadepite pia kuko njia. Wakati wa kampeni kila kandida anaimba namba yake: iko kwenye kofia, kwenye tishati, kwenye ukuta. Bandikeni orodha ya picha na namba ndani ya biro, mpiga kura aandike namba kwenye karatasi ndogo. Wajapani, watu wa teknolojia kuliko sisi, wanaandika jina la kandida kwa mkono kwenye karatasi tupu mpaka leo. Nyanya yangu hawezi kuandika barua, lakini namba anaandika kila siku ya soko.

Na wale wa « maendeleo » watuambie pia mashini ilituletea nini kingine. Tarehe 13 desemba 2018, siku chache mbele ya kura, depo ya CENI huko Kinshasa iliungua, mashini elfu kadhaa zikaishia ndani. Mwaka 2023 mashini zingine zilikutwa kwenye nyumba za watu. Tarehe 5 januari 2024, CENI yenyewe ilifuta kura za wakandida 82, na kati ya makosa iliyoyataja kulikuwa kushika vifaa vya kura bila haki. Mashini ikiwa sebuleni kwa kandida, pamoja na karatasi zake, inatoa kura zenye sura ya kweli kabisa.

Haya, sasa upande wa pili, na hapa njo ndugu zangu wengi watanikasirikia. Karatasi si mtakatifu. Mwaka 2011 hapakuwa mashini hata moja. Lakini Kituo cha Carter kilisema matokeo yale hayaaminiki, na matokeo ya biro karibu 2,000 za Kinshasa yalipotea. Biki haikutuokoa siku hiyo.

Na 2018? CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi na asilimia 38.57, Martin Fayulu na 34.83. CENCO, iliyokuwa na watazamaji karibu 40,000, ilisema matokeo hayo hayalingani na yale watazamaji wake walikusanya. Korti ya Katiba ikathibitisha matokeo tarehe 20 januari 2019. Kila mmoja yuko na mawazo yake. Mimi naona jambo moja: CENI ya wakati ule haikutoa matokeo ya biro moja moja, ili raia alinganishe na PV aliyoiona mlangoni. Ubishi wote ulikuwa juu ya njia kati ya mlango wa biro na meza ya Kinshasa. Ukitupa mashini na kuacha njia hiyo gizani, umebadilisha biki tu.

Basi kama wizi unaweza kupita kote kote, faida ya kuchagua ni nini? Niseme kama mtu wa shamba. Huku kwetu wakulima wanauza kakao. Mnunuzi anakuja na mzani wake wa namba za kuwaka. Pengine uko sawa. Lakini nimeona mama mmoja akikataa na kusema apimiwe kwa ule wa zamani wa kuning'iniza, juu ule anaona mkono wake unashuka mpaka wapi. Hakumwita mnunuzi mwizi. Alitaka kipimo ambacho macho yake yanaweza kukifuata. Mnunuzi alikubali, juu alitaka kakao. Serikali yenye kutaka imani yetu ifanye vile vile.

Hilo si wazo la watu wa kijiji. Tarehe 3 machi 2009, Korti ya Katiba ya Ujerumani ilisema matumizi ya mashini za kura katika uchaguzi wao wa 2005 yalivunja katiba. Sababu yake: raia wa kawaida lazima aweze kuhakiki hatua kubwa za uchaguzi bila kuwa na elimu ya pekee. Wajerumani wanajua kutengeneza mashini. Waliona kwamba kujua kutengeneza ni jambo moja, na kuhakiki kwa macho yako ni lingine.

Na sisi wa Beni na Butembo tuko na somo letu. Mwisho wa desemba 2018 tuliambiwa kura yetu inasogezwa mpaka machi 2019, juu ya Ebola na usalama, wakati rais angeapishwa januari. Watu zaidi ya milioni moja wakatolewa kwenye kura ya rais. Tarehe 30, watu wa Beni walipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura kwa karatasi, wakahesabu. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya sheria, na haikubadilisha kitu Kinshasa. Lakini hawakungoja mashini, fundi wala batri.

Sasa tundu la wazo langu. Kwanza nilifikiri: kila mtu akifika biro aulizwe « biki ao mashini? », basi. Rafiki yangu mmoja akaniuliza: je, kama biro iko na watu 600, na watatu tu wamechagua biki? Jioni sanduku likifunguliwa, karatasi tatu zenye wino wa mkono zinaonekana kati ya zile zilizochapishwa. Kijiji kizima kinajua nani alichagua biki, na sasa kinajua nani walimpigia. Ningekuwa nimeua siri ya nyanya mara ya pili.

Alikuwa na haki. Kwa hiyo nimebadilisha. Uchaguzi wa njia ufanyike mapema, wakati wa kuandikisha wapiga kura na kutoa karte. Kila mtu aulizwe njia anayotaka, na kila kituo kifuate wengi wake. Kituo cha biki, wote biki. Kituo cha mashini, wote mashini. Najua wachache watabaki hawakupata walichotaka. Lakini wataamuliwa na jirani zao, si na mtu wa ofisi aliye mbali, na karatasi zote ndani ya sanduku zitafanana.

Na kuko sharti moja ambalo bila hilo nafuta maandishi yangu yote: PV ya kila biro itolewe kwa wote, na picha yake, mbele ya kutangaza mshindi. Jirani zetu Wakenya wanapiga kura kwa karatasi na kuhesabu kwa mkono. Hiyo peke yake haikuzuia korti yao kuu kufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 septemba 2017, juu ya namna matokeo yalivyotumwa. Mwaka 2022 tume yao iliweka fomu za vituo kwenye intaneti, kila mtu akajumlisha nyumbani kwake. Ubishi haukuisha, lakini watu walibishana wakiwa na karatasi mbele ya macho.

Uchaguzi unaofuata ni 2028. Wengi tutaanza kusema mwezi wa kampeni, wakati mashini tayari ziko njiani na sheria imeshafungwa. Wenye kusoma sheria kati yenu, andikeni sasa pendekezo lenye kusimama. Wenye kusoma informatiki, semeni kama nimekosea juu ya mashini. Mimi ni mtu wa kakao na maharagi, naweza kukosolewa.

Ila nyanya angali ananiuliza lile ulizo lake, na mpaka leo sijamjibu.