Kisanduku Kilichoachwa Kitupu

Kusimika upya mfumo endeshi wa Linux bila kupoteza data ya mwenye kompyuta ni ufundi unaostahili sifa kwa kile ambacho mkono wa fundi haukugusa. Linux, ambayo kiini chake kilitolewa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilirithi kutoka Unix desturi ya kutenga mali ya mashine na mali ya mtu: programu hukaa katika saraka ya /usr, mipangilio ya mashine katika /etc, na picha, barua na tasnifu katika /home, chini ya jina la mwenyewe. Kwa hiyo paa linaweza kuezuliwa na kuezekwa upya huku vyombo vikibaki ndani.

Katika mtaa kama Pioneer, mjini Eldoret, ambako laptopu moja huenda ndiyo yenye nakala pekee ya kazi ya mwanafunzi ya miaka mitatu, fundi makini hatangulizi flashi ya usimikaji. Kwanza hunakili faili kwenye diski ya nje, kwani stima inaweza kukatika kazi ikiwa katikati, kisha huandika amri ya lsblk, inayoorodhesha sehemu za diski na ukubwa wake, akazinakili kwenye karatasi. Programu nyingi za usimikaji hutanguliza chaguo la kufuta diski yote, na wepesi huo ndio hatari yake. Yeye huchagua njia ndefu: sehemu ya mzizi, inayoandikwa kwa mkwaju mmoja tu, huitia alama ifomatiwe, lakini ile ya /home huielekeza mahali pake na kuacha kisanduku chake cha kufomati kitupu. Kwa kuwa Linux humtambua mwenye faili kwa namba, ambayo kwa mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu au Debian huwa 1000, huhakikisha namba ya zamani na mpya zinalingana, la sivyo mtu atanyimwa ruhusa ya kuhariri faili zake mwenyewe.

Hata hivyo, si kila mali ya watu hukaa katika /home, na Eldoret ni mahali pazuri pa kulikumbuka hilo. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioasisiwa mwaka 2004, ulianza kutumika hapo mwaka 2006 chini ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana. Mfumo wa aina hiyo huweka rekodi katika hifadhidata ya MySQL, ambayo kwa kawaida hukaa katika /var/lib/mysql, yaani upande uleule unaofutwa. Kabla ya kuigusa seva kama hiyo, fundi huitoa hifadhidata nzima kwa mysqldump ikawa faili moja, huirejesha kwenye mashine nyingine, kisha hulinganisha idadi ya safu za majedwali yake na zile za asili.