Mwandiko wa Mama Andy

Baba mdogo hapa Hasamba ana sanduku la mbao limejaa santuri. Gramafoni yenyewe ilishakufa zamani, ila santuri haziruhusiwi kutoka ndani. Nyingi ni zile ndogo za sahani 45, kwenye bahasha ya karatasi yenye tundu katikati ili usome lebo. Kwenye lebo utakuta bendi, wimbo na mtunzi. Kwenye bahasha, aliyechora herufi na kuchagua rangi hayupo. Juzi nikamuuliza, "Baba mdogo, hizi zilichorwa na nani?" Akacheka. "Si kampuni?"

Jibu hilo limenikaa kichwani, na limenirudisha kwenye jalada moja la mbali sana na Mbozi: *The Story of Moondog*, santuri iliyotolewa na Prestige mwaka 1957. Moondog ndiye Louis Hardin, mwanamuziki kipofu aliyepiga muziki wake barabarani New York. Jalada lake halina picha, si ya kwake wala ya mji. Limejazwa maandishi tu, mwandiko wa mkono wenye mikunjo na madoido, kama barua ya shangazi.

Ukiuliza ni la nani, wengi watakuambia: Andy Warhol. Wameliweka kwenye hesabu ya kazi zake, na jicho linakubali, maana mwandiko huohuo umo kwenye kazi zake nyingi za miaka ya 1950. Lakini mkono ulioandika ni wa mama yake, Julia Warhola, mhamiaji kutoka kijiji cha Miková, katika nchi ambayo leo ni Slovakia. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, hivyo alinakili herufi moja moja. Kwenye kitabu cha paka cha mwanawe cha mwaka 1954 aliruka herufi d katika neno *Named*, likabaki *Name*. Mwanawe akaliacha hivyohivyo. Kwangu mimi, kosa lile ni sahihi ya mama kuliko jina lolote ambalo lingechapwa.

Kazi ya Moondog ilimpatia tuzo ya chama cha wasanifu wa michoro cha Marekani. Unajua tuzo iliandikwa jina gani? "Mama wa Andy Warhol."

Sisi tunaweza kutabasamu, kwa sababu kwetu Mama Fulani ni heshima. Lakini mtaani Mama Fulani yupo, unamwona, anaitika. Kwenye karatasi, jina la mtoto humeza la mama, na miaka ikipita linabaki la mtoto peke yake.

Ndiyo maana nina wasiwasi na utambuzi wa mtindo peke yake: "hii lazima ni ya fulani, tazama mistari." Tumeshayaona hapa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972. Leo ndege yeyote mwenye rangi kali na macho makubwa anaitwa Tingatinga, na wachoraji waliokuja baada yake, wengine wakiweka sahihi zao chini kabisa ya picha, mnunuzi hawasomi. Mtindo unatuambia mtu alijifunza wapi. Hautuambii nani alishika brashi.

Mwenye kumtafuta msanifu asiyetajwa aanze na vitu vidogo: jina la kiwanda cha uchapaji pembeni, namba ya toleo, herufi iliyorudiwa kwa kosa lilelile kwenye majalada mawili. Halafu aulize nani mwingine alikuwa chumbani: mke, mwanafunzi, mama.

Nimeanza kunakili kila kilichochapwa kwenye bahasha za baba mdogo, hadi maandishi madogo kabisa. Bado anadhani napoteza muda. Ila jana alinitolea bahasha moja mwenyewe, akaisogeza dirishani na kuniambia, "Tazama hii *k*. Aliyeiandika alikuwa na haraka."