Faili Linalojieleza

Jedwali la namba likiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta halina umbo. Ni baiti zilizopangana mstari mmoja tu, na kinachozifanya ziwe jedwali la safumlalo 3 na safuwima 4 ni maelezo machache ambayo programu imeyashika pembeni: namba zinaanzia wapi, kila moja ina ukubwa gani, zinasomwa kwa mpangilio upi. Programu ikifungwa, maelezo hayo hupotea pamoja nayo. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi jedwali lake kwenye diski na kulirudisha kesho likiwa lile lile ana kazi mbili. Kuandika namba ni kazi nyepesi. Nzito ni kuandika yale yasiyoonekana. Seremala akibomoa kitanda ili kipite mlangoni, mbao zitafika tu. Asipotia alama za chaki kwenye viungo, atakayekiunga upande wa pili atabaki kubahatisha. Naupenda ufundi huu kwa sababu hufanywa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuandika namba kama maandishi, kwa desimali. Inasomeka kwa macho, na kwa mambo madogo inatosha. Lakini tazama yaliyomkuta Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961. Alikuwa na modeli ndogo ya hewa aliyoiendesha kwenye kompyuta ya Royal McBee LGP-30. Siku moja akataka kuitazama tena sehemu ya mahesabu yaliyokwisha kufanyika. Hakuanza upya, alichukua namba za katikati kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, akaziingiza, akaiacha mashine ikifanya kazi, akaenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya kama saa moja, mashine ilikuwa imekokotoa hali ya hewa ya takriban miezi miwili, na haikufanana hata kidogo na ile ya awali. Alidhani kifaa kimeharibika. Baadaye akabaini kwamba ndani yake mashine ilibeba tarakimu sita za desimali, ilhali karatasi ilichapa tatu. Palipokuwa na 0.506127, yeye aliingiza 0.506.

Sayansi inamkumbuka Lorenz kwa alichokitambua hapo, na kwa makala yake ya mwaka 1963 ambayo ni miongoni mwa misingi ya nadharia ya kaosi. Anastahili heshima hiyo yote. Mimi nikiisoma habari hii huona pia kwamba kuchapa kulikuwa ndiko kuhifadhi, na kuingiza upya kulikuwa ndiko kurudisha, na kati ya vitendo hivyo viwili kitu kilipungua bila mtu kuarifiwa. Namba ya kawaida ya biti 64, kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, huhitaji hadi tarakimu 17 ili iandikwe kwa desimali na kurudi vile vile, biti kwa biti. Hata 0.1 haimo ndani ya mashine ilivyo. Kilichomo ni namba iliyo karibu nayo, inayoanza na 0.1000000000000000055. Mwandishi wa faili anayekata tarakimu ili safu zipendeze macho anaamua kwa niaba ya mwenzake, na mwenzake hajui kwamba uamuzi umefanyika.

Basi tuziandike biti zenyewe. Hapo usahihi unapatikana, lakini maswali yanaongezeka. Chukua namba 1 peke yake, baiti nane. Kwenye kompyuta nyingi za leo huandikwa, kwa tarakimu za msingi wa 16, 00 00 00 00 00 00 F0 3F, baiti ndogo ikitangulia. Zimekuwepo mashine zinazotanguliza baiti kubwa, na mashine ya aina hiyo ikizisoma baiti hizi bila kuambiwa, itapata namba iliyo kama 3 ikitanguliwa na sifuri 318 baada ya nukta. Hakuna onyo wala kosa linalotokea. Moja imekuwa karibu na si kitu, na mahesabu yanaendelea. Mgawanyiko wa safumlalo na safuwima nao ni hivyo hivyo: Fortran, lugha iliyotoka IBM mwaka 1957, hupanga jedwali safuwima kwa safuwima, na C hulipanga safumlalo kwa safumlalo. Ukichanganya, kila namba ni sahihi na karibu kila moja iko mahali pasipo pake.

Mwishoni mwa mwaka 2007 Robert Kern, mmoja wa waandishi wa NumPy, maktaba ya mahesabu ya lugha ya Python, alipendekeza muundo mdogo wa faili uliokuja kujulikana kwa mkia wake, .npy. Ukitaka kujua ufundi mzuri unafananaje, hifadhi jedwali lile la 3 kwa 4 kisha ulifungue faili baiti kwa baiti. Baiti ya kwanza, tena kwa msingi wa 16, ni 93, isiyo herufi, ili mtu asidhani ni maandishi matupu. Zinafuata herufi tano, NUMPY. Kisha 01 00: toleo la kwanza. Kisha 76 00, yaani 118, ambao ni urefu wa maelezo yanayofuata. Na maelezo yenyewe yameandikwa kwa herufi za kawaida, mtu yeyote anayasoma: aina ya namba ni '<f8', yaani desimali ya baiti nane, baiti ndogo mbele; mpangilio wa Fortran: hapana; umbo: (3, 4). Baada ya hapo ni nafasi tupu na alama ya mstari mpya, hadi kichwa chote kitimie baiti 128. Kisha namba, baiti 96. Faili zima lina baiti 224.

Zile nafasi tupu wengine huziona ni uvivu. Zimewekwa makusudi ili namba zianzie kwenye kigawe cha 64, mahali ambapo kichakataji huzichukua kwa urahisi, na ili faili kubwa kuliko kumbukumbu ya mashine liweze kufunguliwa pale pale lilipo kwenye diski bila kupakiwa lote. Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni sharti moja ambalo Kern aliliweka wazi katika pendekezo lake: data huishi kuliko programu zilizoiandika, hivyo mjuzi wa lugha nyingine aweze kulisoma faili bila kuhitaji nyaraka nyingi. Ni nadra kwa mtengenezaji kupanga tangu siku ya kwanza kwamba chombo chake kitakufa, na kuhakikisha mali ya watu haizikwi nacho.

Python ina njia nyingine, pickle, inayohifadhi karibu kila kitu, hata modeli iliyofunzwa au kitu cha aina uliyoibuni jana. Faili lake ni mlolongo wa maagizo ya kukijenga kitu upya: weka hiki juu ya rundo, ita kile, unganisha, na nukta mwishoni ikimaanisha simama. Ni kazi ya akili kubwa na siidharau. Lakini anayelifungua anayatii maagizo hayo, na aliyeliandika kwa nia mbaya anaweza kuagiza lolote. Waraka wa Python wenyewe unaonya hivyo. Tena maagizo hutaja vitu kwa jina la mahali vilipo ndani ya maktaba, na maktaba ikipangwa upya, mahali hapo hapapo. NumPy iliacha kuyakubali maagizo hayo bila ridhaa ya mtumiaji katika toleo la 1.16.3, mwaka 2019. Hata kampuni ya Hugging Face walipokuja kutengeneza muundo wa safetensors kwa ajili ya modeli kubwa za siku hizi, walirudi kwenye sura ile ile: urefu wa kichwa, kichwa kinachosomeka, kisha namba tupu.

Matoleo ya pili na ya tatu ya .npy yapo, la pili kwa maelezo yasiyoenea katika baiti 65,535 na la tatu kwa majina ya safu yaliyoandikwa kwa hati nyingine za dunia. Hutumika pale tu yanapohitajika. Jedwali la kawaida hadi leo huandikwa 01 00. Miaka ya mwanzo kichwa kilijazwa hadi kigawe cha 16, si 64, na mafaili ya wakati huo yanafunguka leo bila matata. Msomaji hakiulizi kichwa kilijazwa kwa kanuni gani. Anasoma urefu ulioandikwa, anaruka baiti hizo, anaanza na namba ya kwanza.