Sura ya Kaisari kwenye Shilingi

Baadhi ya wazee wetu wa Musoma na Bunda bado wanatunza sandukuni shilingi ya wakati wa Mwingereza. Tunapenda kuitazama kama picha, maana ni picha. Mchongaji Percy Metcalfe alimwonyesha Mfalme George wa Sita kwa ubavu, akitazama kushoto, taji kichwani. Kazi ni safi, lakini ni baridi: macho yale hayamwangalii kamwe aliyeishika sarafu. Maandishi ya pembeni ni ya Kilatini, na mpaka India ilipojitawala mwaka 1947 yalimtaja pia kuwa Kaisari wa India. Sarafu za 1948 zikaufuta ukaisari huo. Upande wa pili amesimama simba, milima nyuma yake. (Mfalme huyo, angali Duke wa York, alikuja Kenya na Uganda mwaka 1924–1925 kuwinda.)

Kabla ya 1948 robo tu ya shilingi hiyo ilikuwa fedha halisi. Baadaye haikuwa na fedha kabisa. Hata hivyo mtu aliuza ng'ombe wake ili aipate, alipe kodi ya kichwa. Ndiyo maana Mathayo 22 inatugusa huku kwetu. Mara nyingi tunaihubiri kama agizo la kulipa kodi, tukapita haraka pale Yesu alipoomba kwanza aonyeshwe sarafu, akauliza sura ni ya nani. Sarafu irudi kwa mwenye sura yake, sawa. Lakini yule aliyehesabiwa kichwa chake kwa ajili ya kodi alibeba sura ya nani, ikiwa Mwanzo 1 ni kweli?

Senti zenye tundu, ya moja, ya tano na ya kumi, hazikuwa na uso wowote: taji juu ya tundu, na upande wa pili pembe za ndovu. Hizo ndizo pesa za muuza dagaa. Sisi tunaona picha ya kweli ya utawala ule iko hapo, kuliko kwenye shilingi.

Mwaka 1966 sarafu za Tanzania zilitoka na uso wa Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, kichwa wazi, hata kwenye senti tano. Kwa kuwa tunampenda, kwake swali la Yesu ni gumu zaidi kuliuliza, na ni lazima tuliulize. Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20.