Tanuri la Wahaya na Sheria ya Mchafuko

Chuma kikiachwa hewani hugeuka kutu. Jembe lililosahaulika shambani huanza kuliwa masika ya kwanza, na hakuna anayelifanya lolote, linakwenda lenyewe. Kinyume chake hakijaonekana popote: hakuna aliyeamka akakuta udongo mwekundu umejikusanya ukawa jembe. Hata hivyo, magharibi mwa Ziwa Viktoria, tangu miaka ipatayo 2,000 iliyopita, mafundi wa Buhaya, nchi ya Wahaya, walikuwa wakiurudisha udongo huo kuwa chuma, kwa mkaa, kichuguu na pumzi ya mivukuto. Nimesoma maelezo mengi kuhusu entropia, yaani kipimo cha mchafuko, na mengi yamenichosha. Hakuna yaliyonifungulia jambo lenyewe kama tanuri hili.

Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma tena. Ilikuwa imepita takribani nusu karne tangu matanuri ya mwisho yazimwe, maana vyuma vya kutoka ng'ambo vilipatikana kwa bei ambayo jasho la kuchoma mkaa na kuvukuta halikuweza kushindana nayo. Wazee wale walikuwa vijana wakati matanuri yanawaka. Walifanya kazi kwa kumbukumbu, wakijaribu na kurekebisha.

Tazama walivyojenga. Shimo lilisiribwa kwa udongo wa kichuguu, na hapo si suala la udongo wowote ulio karibu: mchwa hupandisha udongo laini wa mfinyanzi kutoka chini, punje kwa punje, wakauacha umechambuliwa tayari, nao hustahimili moto ambao ungeupasua udongo wa kawaida. Juu ya shimo ukasimama mnara mfupi, kimo cha mita 1.4 hivi, wa tope na vipande vya mavi ya chuma, yaani taka za matanuri ya zamani. Majani ya bwawani yakachomwa ndani ya shimo mpaka likajaa mabua meusi yaliyoungua bila kuwa majivu. Mawe ya chuma yalikuwa yameshakaushwa juu ya moto wa kuni. Kisha ikaja mirija minane ya udongo wa kufinyanga, kila mmoja na mvukuto wake, na midomo yake haikuishia ukutani bali iliingia hadi ndani ya moto. Katika makala yao kwenye jarida la Science mwaka 1978, Schmidt na Avery walidai kwamba hewa ilipata joto ikiwa bado imo mrijani, na kwamba hiyo ndiyo siri ya ukali wa moto ule. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo. Waendelee kubishana. Hata ukiiondoa hewa ya moto kabisa, kinachotendeka ndani ya mnara kinatosha.

Hewa inapotoka mrijani hukutana na mkaa, na oksijeni inashika kaboni inakuwa kaboni dioksaidi. Gesi hiyo inapopanda hupita kwenye mkaa mwingine uliowaka, na hapo hutokea mmenyuko ambao naomba msomaji autazame kwa makini. Molekuli moja ya kaboni dioksaidi inamega atomu moja ya kaboni kutoka kwenye mkaa, na zinazotoka ni molekuli mbili za kaboni monoksaidi. Ilikuwa gesi moja na kipande cha yabisi. Sasa ni gesi mbili. Gesi hii mpya ina njaa ya oksijeni. Inapolifikia jiwe la chuma hulipokonya oksijeni yake na kuliacha chuma tupu. Mawe na mchanga uliokuwa ndani huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,200 hivi, yakatiririka kati ya mabua meusi, na chuma, ambacho chenyewe hakiyeyuki mpaka nyuzijoto 1,538, hubaki kama bonge lenye matundu.

Sasa, mmenyuko ule wa gesi moja kuwa mbili haujilipii. Hunyonya joto badala ya kulitoa. Kwa hesabu ya nishati peke yake usingekwenda, na chini ya nyuzijoto 700 hivi kwa kweli kaboni inashindwa na chuma katika kuigombea oksijeni. Kutu inabaki kutu. Juu ya hapo mizani inageuka. Kinachoigeuza ni kwamba atomu ya kaboni iliyokuwa imebanwa mahali pamoja ndani ya mkaa sasa inaruka huku na huko katika gesi, na namna za kuruka ni nyingi kupita kiasi. Kadiri joto linavyopanda, ndivyo wingi huo unavyopata uzito katika hesabu. Chuma safi, kilichopangika na chenye makali, kinapatikana kwa sababu kitu kingine kimetawanyika zaidi kuliko chuma kilivyopangika.

Mwanafizikia Rudolf Clausius ndiye aliyekipa kipimo cha mtawanyiko huo jina la entropia, mwaka 1865. Mwanafizikia mwenzake Ludwig Boltzmann, mwaka 1877, alionesha kwamba msingi wake ni kuhesabu. Chukua pishi mbili za choroko zinazolingana, moja ukiwa umeipaka rangi nyekundu, uzimimine kwenye ungo mmoja na utikise. Namna za kukaa zikiwa zimechanganyika hazihesabiki, na namna za kukaa choroko nyekundu zote upande mmoja ni chache mno, kwa hiyo hutaziona zikijitenga hata ukitikisa maisha yako yote. Hakuna nguvu inayozichanganya. Ni wingi tu.

Hapo ndipo inapotoka sheria kwamba mtawanyiko wa jumla huongezeka, na wapo wanaosema kwamba kwa sheria hii uhai haukuweza kubadilika kutoka kijidudu hadi tembo, maana vitu huharibika, havijitengenezi. Hoja hiyo ingelifunga na tanuri la Wahaya. Sheria haikatazi mpangilio kutokea mahali fulani. Inadai tu kwamba jumla, pamoja na moshi na joto lililotoka, iwe imetawanyika zaidi. Ufundi wote umo katika kulielekeza anguko hilo la kwenda kwenye mtawanyiko: lipite kwenye mirija minane, ndani ya mnara wa mita 1.4, juu ya mabua, mpaka liangushe chuma njiani.

Mkaa wenyewe ulitoka kwenye mti, na mti uliujenga kwa jua. Hapa huwa tunasema kwa urahisi kwamba tunaishi kwa nishati ya jua, na usemi huo una kasoro. Dunia hurudisha angani nishati karibu yote inayoipokea, la sivyo tungekuwa tumeshaiva. Tofauti iko katika sura yake. Uso wa jua una nyuzijoto 5,500 hivi, na mwanga wake hutufikia katika chembe chache zenye nguvu. Dunia, ikitazamwa kutoka mbali, hung'aa kama kitu chenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri, kwa mwanga usioonekana kwa macho. Kwa kila chembe moja ya mwanga inayoingia, takribani 20 dhaifu hutoka. Ishirini badala ya moja: mtawanyiko. Jani limejipachika katikati ya njia hiyo. Boltzmann alikwishaliona hilo mwaka 1886, alipoueleza umma mjini Vienna kwamba viumbe havishindanii malighafi, wala nishati, ambayo imejaa kila mahali katika joto. Vinashindania entropia ile inayopatikana mwanga unaposhuka kutoka jua lenye moto hadi dunia ya baridi. Kwa hiyo giza la usiku nalo ni sehemu ya chakula chetu. Kama anga lote lingekuwa na joto la jua, jani lisingekuwa na mahali pa kutupia taka zake.

Na jua limepata wapi moto? Miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu ulianza ukiwa na vitu vilivyotandazwa karibu sawasawa. Kwa gesi ya kawaida chumbani, kutandazwa ndiyo hali ya kuchoka. Kwa vitu vinavyovutana ni kinyume: kutandazwa sawasawa ni kama kusimamishwa juu ya mlima. Uvutano ukayakusanya mawingu ya hidrojeni, yakabanwa, yakapata joto, yakawaka. Ndani ya nyota viini vidogo huungana kuwa vikubwa na kutoa nishati kila hatua, mpaka kwenye chuma na jirani yake nikeli, ambako faida huisha. Nyota kubwa iliyojaza moyo wake chuma haina tena cha kuchoma. Moyo huporomoka na nyota hulipuka. Chuma kingi kilichomo duniani kilizaliwa katika milipuko ya nyota kikiwa nikeli, kisha kikageuka kobalti, kisha chuma, katika muda wa miezi. Majivu ya nyota, basi, ndiyo fundi wa Buhaya aliyokuwa akiyashindilia juu ya mkaa.

Hata wekundu wa mawe yake una historia ya uhai. Bahari za kale zilikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka majini, na hewa haikuwa na oksijeni ya kutajika. Sianobakteria wakajifunza kuyapasua maji kwa mwanga wa jua na kuitupa oksijeni kama taka, na miaka ipatayo bilioni 2.4 iliyopita ikaanza kujaa hewani. Duniani pakaingia kutu. Fundi aliyetenganisha chuma na oksijeni kwa mkaa alikuwa akiitengua kazi ya mwanga wa jua kwa kutumia kazi ya mwanga wa jua.

Ndani ya seli zetu kazi ileile hufanyika bila moto. Chakula kingeweza kuungana na oksijeni mara moja kama mkaa tanurini, joto likatawanyika na kwisha. Mitokondria, vijiungo vya ndani ya seli, hufanya hivyo kwa ngazi ndogondogo: elektroni hupokezanwa kutoka kundi moja la atomu za chuma na salfa hadi jingine, kila hatua ikishuka kidogo, na mwisho wa ngazi oksijeni inasubiri. Kwa mteremko huo protoni husukumwa upande wa pili wa utando, na zinaporudi huzungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Mwanabiokemia Peter Mitchell alipopendekeza wazo la protoni mwaka 1961, wengi walilikataa. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Mtu mzima hutengeneza na kutumia kwa siku ATP inayokaribia uzito wa mwili wake, ingawa kwa wakati wowote ana kiasi kidogo tu. Mimi naona huu ni ufundi wa juu kuliko ule wa tanuri, na hauna mzee wala mwanafunzi.

Kilicho badala ya mzee ni kunakili. DNA hunakiliwa kwa kimeng'enya kinachohakiki kazi yake na kurudi nyuma kufuta, kisha vingine hupita kukarabati, mpaka linabaki kosa kama moja katika herufi bilioni. Uhakiki huo hulipiwa kwa nishati, kama mpangilio wowote ule. Lakini makosa machache yanayobaki ni malighafi ya mageuzi. Bila makosa, uteuzi wa asili ungekosa cha kuchagulia. Virusi vya UKIMWI vimekaa upande wa pili wa mizani: kimeng'enya chao cha kunakili hakihakiki, na hukosea maelfu ya mara zaidi, ndiyo maana dawa moja ikitumika peke yake huzoeleka upesi. Madaktari walividhibiti virusi hivyo kwa hesabu ya Boltzmann, ijapokuwa hawaiiti hivyo. Tangu mwaka 1996 dawa kadhaa, kwa kawaida tatu, hutolewa pamoja, kwa sababu nafasi ya kirusi kupata mabadiliko yote yanayohitajika kwa mkupuo mmoja hupatikana kwa kuzidisha nafasi ndogo kwa ndogo kwa ndogo, si kwa kujumlisha. Mgonjwa anayeruka dozi huvipa virusi muda wa kujinakili tena, na kila nakala ni bahati nasibu nyingine iliyochezwa.