Bukari ya manjano: si ulimi unaikataa

Niko na jambo moja la kupinga. Pale univerisite walitufundisha, na sisi tukifika mu mashamba tunarudilia, kusema mlimaji anakataa mahindi ya manjano juu ya kukosa elimu. Mimi nimefanya kazi Mitwaba, na leo nasema: hapana, haiko vile.

Tuangalie kwanza wale wenye elimu. Mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walitoa matokeo ya jaribio lao la Bordeaux, Ufaransa. Walipatia wanafunzi 54 wa elimu ya divai glasi ya divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalitangulia pua. Wale nao tutasema wamekosa elimu?

Sasa kwetu. Mama mmoja wa Mitwaba alinipikia bukari na sombe. Unga ulitoka mu mbegu niliyoleta mwenyewe, ile ya rangi ya machungwa. Pembeni paliwekwa bukari nyeupe ya watoto. Asubuhi yote nilikuwa nimehubiri juu ya vitamini A na macho ya watoto. Mkono wangu ulienda wapi? Kwenye nyeupe! Mama akacheka: "Wee enjenyeri, na weye unaiogopa?" Kisha akasema polepole: "Mwanangu, hii rangi ni ya wakati wa kukimbia. Kule tulikulaka unga ya manjano ya msaada. Nikiionaka, tumbo inakumbuka."

Munajua kusema Mitwaba, Manono na Pweto ziliitwa pembetatu ya kifo. Mu ile sahani mimi nilikuwa nahesabu vitamini, mama alikuwa anaona njia ya kukimbia. Na mimi je? Tangu utoto, Lubumbashi, nilisikia kwamba manjano ni chakula cha kuku. Licence yangu haikufuta ile.

Jirani zetu wa Zambia walipotoa mahindi yenye vitamini A mwaka 2012, waliyaita ya rangi ya machungwa, hawakusema manjano, kwa sababu manjano ilikuwa inakumbusha watu msaada wa njaa. Ni akili nzuri, lakini jina peke yake halitoshi. Yule mama hakusoma jina, aliona rangi.

Msimu uliofuata sikuanza na bukari. Tulichoma mahindi mabichi mu shamba lake, na nilikula wa kwanza, mbele ya wote. Watoto walimaliza. Mama alikula nusu. Bukari yake ingali nyeupe mpaka leo, na sitamwita mjinga.

Na weye unayesoma, ni chakula gani unakataa hata bila kuonja? Kabla ya kupeleka mbegu kwa mtu, jiulize ile kwanza.