Mapenzi na Mshahara

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuuona mchezo wa sinema uitwao The Bodyguard, ama nyumbani, ama katika kibanda cha video, ama katika simu ya jirani. Ulitoka Marekani mwaka 1992, wala haujachakaa. Vijana waupenda kwa sababu ni habari ya mapenzi kati ya mtu mashuhuri na mtu aliyeajiriwa naye, na habari za namna hiyo ni nyingi siku hizi. Basi tumeona vema kuutazama mmoja kwa makini, maana huu ndio mama wa mingine mingi.

Whitney Houston ni Rachel Marron, mwimbaji mwenye sifa kubwa. Kevin Costner ni Frank Farmer, mtu aliyewahi kuwalinda marais wa nchi yake, naye aajiriwa kumlinda Rachel kwa sababu kuna mtu amtishaye kwa barua. Kwanza hawapatani, kisha wapendana. Hayo yote mtazamaji aweza kuyakisia kabla hajakaa vizuri kitini.

Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hulipita mbio. Baada ya usiku mmoja wa mapenzi, kesho yake asubuhi Farmer akataa kuendelea. Hasemi kwamba hampendi Rachel. Asema kwamba hawezi kumlinda huku moyo wake umechanganyikiwa. Rachel akasirika sana, maana hajazoea kukatazwa na mtu anayemlipa. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha mchezo wote, wala si kwenye lile busu la uwanja wa ndege ambalo kila mtu hulikumbuka. Mwandishi wake, Lawrence Kasdan, alishika neno la kweli: kwamba mshahara na mapenzi vikiingia chumba kimoja, kimoja chaweza kukinyamazisha kingine. Walakini Mick Jackson, aliyeuongoza mchezo, aliliacha neno hilo lizame chini ya muziki, risasi na mavazi ya kung'aa. Tena Nicki, dada yake Rachel, aishiye katika kivuli cha nduguye hata kwa wivu akamlipa muuaji, kisha akajuta akiwa amechelewa, angetosha kuwa na mchezo wake peke yake. Hapa amepewa nafasi ndogo, halafu anauawa, na hadithi yasonga mbele kana kwamba amekufa kuku.

Na ule wimbo je? I Will Always Love You hutumiwa na watu arusini, nasi hucheka kidogo kila tuusikiapo mahali pale, maana ni wimbo wa kuagana. Aliyeutunga ni Dolly Parton, mwaka 1973. Tangu 1967 alikuwa akiimba katika kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner, mtu mwenye jina kubwa kuliko yeye wakati ule. Alipotaka kuondoka ili afanye kazi yake mwenyewe, Wagoner hakukubali upesi. Ndipo Parton akatunga wimbo wa kumwaga kwa heshima. Basi wimbo ambao dunia nzima yaudhani kuwa wa wapenzi, kwa asili yake ni wimbo wa mfanyakazi amwagaye mkubwa wake wa kazi. Wala kuagana kwenyewe hakukuishia katika machozi matamu, maana mwaka 1979 Wagoner alimshtaki Parton mahakamani kwa ajili ya fedha na mkataba, na baadaye wakapatana.

Mtu aweza kutuuliza: hayo yatuhusu nini sisi wa Goma? Yatuhusu kwa sababu tunakaa Himbi. Asiyekijua kipande hiki cha mji na ajue kwamba hapa, upande wa ziwani, kuna nyumba kubwa zenye kuta ndefu, na nyuma ya kila ukuta kuna mlinzi, mpishi, dereva na msichana wa kazi. Watu mashuhuri nao hupita mjini mwetu. Mwezi wa Machi 2013 alikuja Angelina Jolie pamoja na William Hague, waziri wa Uingereza. Picha za wageni zilienea duniani. Waliowafungulia malango na kuwaendeshea magari hawakuonekana.

Wasichana wa kazi wanayo michezo yao waipendayo, hasa ile ya Mexico iliyotiwa maneno ya Kifaransa. Maria la del Barrio, wa mwaka 1995, ni mfano: msichana mwokota taka aingizwa katika nyumba ya tajiri, kisha aolewa na mtoto wa nyumba. Hatuwalaumu wanaoupenda. Hata sisi tuliufuata. Tunachokilaumu ni kwamba mchezo huo hauulizi kamwe swali ambalo The Bodyguard angalau wauliza kwa dakika chache: je, mtu huyu angeweza kukataa?

Farmer aliweza. Ana jina katika kazi yake, ana nyumba yake, na wateja wengine wamngoja. Lakini msichana aliyetoka Masisi au Rutshuru, alalaye katika chumba cha nyuma ya jiko, ana nini? Bwana wa nyumba akimwambia “nakupenda,” lazima kwanza ahesabu: chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo anayompelekea mama yake. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 walipouteka mji, mabenki yakafungwa na wengi waliokuwa wakilipa mishahara wakaondoka, hesabu hiyo imekuwa nzito zaidi. “Ndiyo” ya mtu asiyeweza kusema “hapana,” tuiite mapenzi?

Kuna mchezo wa zamani uliolijua jambo hili vizuri zaidi. Ni Sunset Boulevard, wa Billy Wilder, wa mwaka 1950. Norma Desmond, nyota ambaye watu wamekwisha kumsahau, amwajiri mwandishi maskini Joe Gillis. Amnunulia nguo, amweka nyumbani mwake, kisha ataka ampende. Joe kila siku aahirisha kusema hapana, na alipothubutu kuondoka alipigwa risasi. Lakini anayetutia uchungu zaidi ni mtumishi Max, aliyekuwa mumewe wa kwanza. Huyu humwandikia Norma barua kwa siri, ili adhani bado anapendwa na watazamaji wake. Ampenda kweli, lakini amlisha uongo, na uongo huo wamwangamiza bibi yake. Hakuna ngoma wala wimbo wa kutufariji. Kwa kazi ya sinema, twauweka juu sana kuliko ule wa 1992.

Tena Whitney Houston mwenyewe alikuwa na mlinzi wa kweli, David Roberts, aliyekuwa askari polisi Uingereza. Alianza kumlinda mwaka 1988. Kadiri alivyoeleza mwenyewe katika filamu Whitney: Can I Be Me ya mwaka 2017, mnamo 1995 aliandika taarifa kwa wakubwa wa kazi ya Houston, akiwaonya kwamba madawa ya kulevya yanamharibu. Akaachishwa kazi. Houston alikufa Februari 11, 2012, katika bafu la hoteli ya Beverly Hilton, na waganga waliopima mwili walikuta kokeini damuni. Roberts hakukinga risasi jukwaani kama Farmer. Aliandika karatasi, akapoteza mkate wake. Tungependa kuona mchezo wa habari hiyo, hata kama hauna busu ndani yake.